Mume Wangu Hayuko Unguja

(Mwenye barua hii ameniomba nisichape jina lake wala la mumewe, nami nimemkubalia. Majina ya wengine nimeyageuza kwa mkono wangu, kwa hivyo wasomaji wa Mji wa Kale msijisumbue kukisia barazani. Mshauri.)

Mshauri wetu mpendwa,

Baada ya salamu nyingi na kukutakia afya na uzima, nakuja kwako nikiomba unishike mkono, maana jambo langu limenifika hapa shingoni na katika mtaa wetu hakuna hata mtu mmoja ninayeweza kumwambia, kwa sababu mtaa mzima nimeudanganya, na ukishaudanganya mtaa mzima hubakiwi na wa kumlilia.

Mume wangu ni mtu wa bandarini, msimamizi wa matishari ya kupakulia meli, mtu wa heshima zake, na nyumba yetu haikuwa ikikosa kitu mpaka mwaka jana robota la katani lilipochomoka kwenye kamba likampiga mgongoni, akaletwa nyumbani amebebwa, akawa halali usiku wala mchana, ndipo mwenzake mmoja wa kazini akamletea kidonge kidogo cheusi akamwambia, "Meza hichi, utalala," naye akakimeza akalala kweli, mimi mwenyewe nikamshukuru yule mtu na kumpa kahawa, nisijue kuwa nilichokuwa nikikishukuru ni afyuni. Kidonge kikawa viwili, mgongo ukapona, afyuni haikuondoka, na mtu aliyekuwa akiamka kabla ya adhana akawa hajui jua limepanda au limeshuka, akikaa tu amekodoa macho na jasho likimtoka, na akikosa ile dawa yake analia kwa maumivu ya tumbo na mifupa mpaka mimi mwenyewe, Mungu anisamehe, nikawa ndiye ninayemtafutia.

Sasa nyuma ya Ndia Kuu kuna nyumba ya mawe ya Badruddin, yule Bohora mwenye duka la misumari na rangi, ambaye alikuwa mtu wa kheri sana, nyumba hiyo akaitoa iwe ya wagonjwa, chini ni dispensari ya watu wote, wenye homa, wenye vidonda, akina mama na watoto wao, na ghorofani kuna vitanda vya wale walioshikwa na afyuni na pombe kali, wakitazamwa na Daktari Valli ambaye huja kila jioni akishafunga mahali pake pa kazi, na mchana kutwa na usiku yupo mhudumu wao, Menza, Mgiriama mmoja mpole lakini ukimfanyia ujeuri utamtambua. Daktari huwapa ile ile afyuni kama dawa, kila mara ikipunguzwa kidogo, mpaka mwili usahau, na ameniambia wazi kwamba jambo baya kuliko yote ni mtu kuachishwa ghafla njiani, kwa sababu hurudi kule alikotoka na akirudi hushika kwa nguvu zaidi.

Basi nikampeleka, na majirani walipoanza kuniuliza babake Swabaha yuko wapi nikasema kaenda Unguja, kaitwa na binamu yake kusimamia matishari huko, na huo uongo ukaanza kuzaa wenzake, maana jirani wa upande wa kulia akasema basi mwambie atuletee halua, halua ya Unguja haina mfano, nami nikaona nisipoleta halua watashuku, nikashuka sokoni nikanunua halua hapa hapa Mombasa, nikaifunga kwenye kipakacha cha makuti, nikaigawa, nao wakaila wakilamba vidole wakisema, "Hii ndiyo halua, ya hapa kwetu haifui dafu," nami nikacheka nao huku moyo wangu umeinama.

Kila siku napika, navaa buibui, nashusha uso, napita vichochoro mpaka mlango wa nyuma wa ile nyumba, naingia jikoni nampa Menza chakula, na kuna mwanamke mwingine ambaye naye huja kwa mlango huo huo na kwa vazi hilo hilo, tukipishana kila mmoja akijifanya anatazama ukuta, mpaka siku moja nikamsikia akimwambia Menza, "Uji wake mpe ungali moto, ukipoa haunywi," na mimi sauti ile naijua, ni ya mamake Munir, na Munir ndiye kijana aliyeleta posa kwa binti yangu Swabaha, na posa hiyo bado haijajibiwa kwa sababu baba mtu, kama watu wote wanavyojua, yuko Unguja. Baadaye nikatambua kuwa anayeletewa uji ni ndugu yake mamake Munir, kitanda cha pembeni. Mamake Munir hajui kuwa nimemtambua, au pengine anajua, au pengine amenitambua mimi pia, sijui, hatujawahi kusemezana.

Katika chumba kile ni mmoja tu asiyefichwa, Benard Kioko, Mkamba wa reli aliyeshikwa na pombe ya moshi, ambaye mkewe Ketty huingia kwa mlango wa mbele na sufuria yake kichwani akiwasalimu waliomo na wasiokuwamo, na akiulizwa anakwenda wapi husema, "Naenda kwa bwana yangu, anatibiwa pombe, anaendelea vizuri, asante." Mimi nikimwona naona haya kwa ajili yake, kisha nikifika nyumbani naona haya kwa ajili yangu.

Mshauri wangu, mambo yakaharibika Bwana Badruddin alipofariki. Nyumba ile haikuandikiwa wakfu, ilikuwa inakwenda kwa mkono wake tu, dawa yeye, mshahara wa Menza yeye, mchele na mafuta yeye, na afisi ya afya ya mjini ikitoa dawa nyingine kwa sharti kwamba mwenye nyumba naye anatoa zake. Sasa afisi inasema itangoja isikie kama jamaa za marehemu wanaendelea, na jamaa za marehemu wanasema watangoja waone afisi itafanyaje, na wote wawili wana adabu nzuri sana katika kungojana huko. Mwenye neno la mwisho ni mjane, Bi Kulsumbai, lakini yumo katika eda, na Mabohora katika eda hawana mchezo, mjane hamwoni mwanamume asiyekuwa maharimu yake, yaani jamaa yake wa karibu wa damu, wala hasemezani naye, kwa hivyo daktari hawezi kwenda, na wazee wa kamati ya nyumba ile hawawezi kwenda, anayeingia na kutoka ni mpwa wake tu, mtoto wa dada yake, Ishak, ambaye ndiye anayeliangalia duka. Wazee wa kamati wameamua kusubiri mpaka eda iishe ndipo wakamwone. Na daktari ametuambia sisi wenye wagonjwa kwamba dawa iliyomo kabatini haitafika huko, na dispensari ya chini nayo itafungwa, kwa kuwa nyumba ni moja na Menza ni mmoja.

Nifike sasa kwenye jambo linaloninyima usingizi. Juzi nilikuwa jikoni mle, na mamake Munir naye akawa ameingia, tukasikia sauti kwenye ngazi, ni Ishak anakuja kuitazama nyumba pamoja na daktari, basi sote wawili tukajibanza nyuma ya mlango wa jikoni kama wezi. Ishak si mtu mbaya, hakufoka, alisema kwa utaratibu tu, "Daktari, marehemu alikuwa na moyo wake na mimi siupingi, lakini nitamwendea mama mdogo na neno gani? Kila ninayemwuliza hapa mjini aniambia hapana mtu wetu mle, ni wageni watupu wa bandarini na wa reli. Nionyeshe mtu mmoja wa mui huu mwenye mtu wake humu ndani. Mmoja tu, nami nitakwenda kusema."

Nilimwona daktari kwa upenyo wa mlango, alitupa jicho upande wa jikoni, akaliondoa haraka, akasema, "Hiyo siwezi kukuonyesha, Bwana Ishak. Nimetoa ahadi." Ishak akasema, "Basi na mimi sina la kusema." Akashuka zake. Mimi na mamake Munir tulikuwa tumebanana bega kwa bega, na hapana kati yetu aliyetoka. Hapana hata aliyekohoa. Tukangoja hatua zikaisha, kisha kila mmoja akachukua kikapu chake akaondoka bila kuagana.

Jana nikamwambia mume wangu, nikasema, "Yafaa nikaseme," akashtuka akanishika mkono, akaniambia, "Ukinitaja kwa mtu yeyote, rudi kwenu." Lakini muda kidogo baadaye, Mshauri, akaniuliza kama paa la jikoni bado linavuja. Ni mwaka mzima hajauliza habari ya nyumba yake. Nilitoka nde nikalia, kwa furaha na kwa hofu, maana huyu mtu anarudi, namwona anarudi, na mlango anaopitia kurudi unataka kufungwa.

Nimefikiri mengi. Nimefikiri nimchukue nyumbani nijaribu mwenyewe, lakini naogopa nitashindwa kama nilivyoshindwa mwanzo. Nimefikiri nimwendee Bi Kulsumbai kwa kuwa mimi ni mwanamke, nijifanye nimetumwa na Ketty kumwombea mumewe, niwaombee wote bila kumtaja wangu, na hiyo ndiyo naiona nzuri, lakini moyo unasita. Nikisema kweli, mume ataniacha, posa ya mwanangu itavunjika, na mtaa utanicheka na halua yangu. Nikinyamaza, nyumba itafungwa. Nakuomba unipe neno la kushika, na usinifiche ukali wako kama ninaustahili.

Ni mimi niliyeshikwa pabaya,
Mji wa Kale, Mombasa.

MAJIBU YA MSHAURI

Bibi uliyeshikwa pabaya, barua yako nimeisoma kwa pumzi moja kama ulivyoiandika, na nilipofika mwisho ilinibidi ninywe maji.

Pole. Nasema pole kwanza ili ujue kuwa natoka upande wako kabla sijaanza kukugombeza. Mumeo hakwenda kutafuta anasa. Aliumia akiwa kazini, akapewa kitu cha kumpa usingizi, na kitu kile kikamshika. Huo ni ugonjwa, kama vile homa ni ugonjwa, na wewe ulipomtoa ndani ukampeleka kwa daktari ulifanya kazi ambayo wanaume wengi wenye ndevu hawakuithubutu kwa ndugu zao. Na ameuliza habari ya paa. Hilo paa nimefurahi nalo kuliko habari zote nilizozisoma wiki hii, na katika wiki hii nimesoma habari za mataifa makubwa.

Sasa kaa vizuri. Uliniambia nisikufiche ukali, nami si mtu wa kuambiwa hilo mara mbili.

Bwana Ishak aliuliza swali dogo, tena la haki. Alitaka mtu mmoja. Nyuma ya mlango mlikuwa wawili. Daktari aliwaona, akaichunga ahadi yake kwenu huku akijua kuwa ahadi hiyo inamtia kitanzi yeye na kazi yake yote, na ninyi mkamwachia aichunge peke yake. Unaniandikia kuwa unaogopa nyumba ile isifungwe. Bibi, kufungwa kwake kulianza pale pale jikoni, na kama kuna ufunguo, mlikuwa mmeukalia. Usinung'unike juu ya Ishak. Hana mkono wa birika, wala hajasema uongo. Amesema alichoambiwa na mji, na mji ndio wewe, ndio mamake Munir, ndio wale majirani zako wanaokula halua. Nani ajuaye ni wangapi kati yao nao wana msafiri wao katika Unguja hiyo hiyo ya nyuma ya Ndia Kuu?

Nikimaliza nawe nawageukia wale wazee wa kamati, kwani najua na wao hulisoma gazeti hili, hata kama husema wanalisomea bei za nazi. Mabwana, mmekaa mnangoja eda ya mjane iishe, kana kwamba Mombasa hii haina wanawake. Tangu lini eda ikamfungia mtu mlango wa kuhaniwa na wanawake wenzake? Kila siku baada ya alasiri wanaingia wake wa watu chumbani kwa yule bibi, wanakaa mkekani, wanampa pole, wanatoka. Ni yeye mwenye nyumba, ni yeye mwenye neno, yupo, anasikia, anasema Kiswahili cha hapa kwa kuwa hapa ndipo alipozaliwa, na ninyi mmemwachia kijana mmoja awe ndiye masikio yake yote. Adabu mmeifuata, sikatai. Akili mmeiacha barazani.

Kwa hivyo, bibi, wazo lako la kumwendea Bi Kulsumbai ni zuri, na ndilo utakalolifanya. Lakini ile habari ya kujifanya umetumwa na Ketty itupe baharini. Ketty hana haja ya mjumbe. Amekwisha kusema lake, kwa mdomo wake, kwa mlango wa mbele, na Ishak amemwona na kumhesabu miongoni mwa wageni. Ukienda kumsemea mke wa Mkamba wa reli, utakuwa umempelekea mjane ushahidi mwingine kwamba Ishak alikuwa akisema kweli: wageni watupu. Tena utakuwa umemtumia mwanamke mwenye ujasiri kuliko wewe awe pazia lako. Hilo silipendi, na nadhani hata wewe hulipendi, ndiyo maana moyo unasita.

Utakavyokwenda ni hivi, na usibadilishe mpangilio wangu.

Anza na mumeo. Usimwombe ruhusa. Mwarifu. Anayo haki ya kujua utakachosema kabla hujakisema, na hana haki ya kukufunga mdomo wakati kitanda anacholalia kinataka kuondolewa chini yake. Akikwambia rudi kwenu, usibishane na usilie mbele yake. Mwambie, "Kwanza upone, utoke humu kwa miguu yako, uje uniambie hayo nyumbani kwetu, nitakusikiliza." Mgonjwa wa afyuni anapokaribia kupona huona haya kali kuliko alipokuwa amelala, daktari yeyote atakwambia, kwa sababu macho yamefumbuka na anajiona. Maneno yale yalitoka kwenye haya. Ya paa yalitoka kwake mwenyewe. Wewe shika yale ya paa.

Ukitoka hapo nenda kwa mamake Munir, nyumbani kwake, mchana, kwa mlango ambao wageni huingilia. Sikiliza vizuri hapa kwa maana ndipo unapoweza kukosea. Usiende ukamwambia, "Nimekutambua, ndugu yako yuko kitanda cha pembeni." Siri ya mtu ni yake kuitoa. Mwambie ya kwako tu. Mwambie, "Mume wangu hayuko Unguja. Yuko nyumba ya Badruddin, ghorofani, na mimi naenda kumwambia mjane." Kisha nyamaza, unywe kahawa uliyopewa. Ama atakwambia, "Ngoja nivae buibui langu twende sote," ama atakwambia Mungu akufanyie wepesi. Akisema la kwanza, umepata mwenzako. Akisema la pili, muage kwa wema na uondoke, utakwenda peke yako na hutapungukiwa.

Na posa, bibi? Hebu tuiweke mezani tuitazame. Unaogopa mamake Munir atavunja posa kwa kuwa baba wa binti anatibiwa afyuni, na huenda naye amekosa usingizi akiogopa wewe utaikataa posa kwa kuwa mjomba wa kijana anatibiwa hiyo hiyo. Mmejibanza nyuma ya mlango mmoja, bega kwa bega, kila mmoja akimficha mwenzake kitu ambacho wote wawili mmekibebea uji. Ningecheka kama lisingekuwa jambo la kuumiza. Watoto wenu watafaana sana, maana wametoka katika nyumba zenye ugonjwa mmoja na ukaidi mmoja. Na ikiwa, baada ya yote haya, atavunja posa, basi mwambie Swabaha nimesema ameokoka mapema.

Kwa Bi Kulsumbai nenda baada ya alasiri. Ingia kama mtu aliyekuja kuhani, kwa sababu ni kweli umekuja kuhani, na yule marehemu anastahili. Mpe pole kwa ukamilifu, usiiharakishe ili ufike kwenye haja yako. Halafu mwambie kuwa mkono wa mumewe bado unafanya kazi ghorofani, na kwamba unataka kukatika. Usiombe sadaka. Hukuja kama maskini. Unamwomba mambo ambayo ni yake kuyatoa: amwambie Ishak waendelee kama marehemu alivyokuwa akifanya mpaka eda iishe, na eda ikiisha akae na wakubwa wake wa dini waiandike nyumba ile wakfu, pamoja na kodi ya duka moja la kuilisha, ili isiwe tena inasimama juu ya pumzi ya mtu mmoja, hata awe mwema namna gani. Neno lake likishatoka, Daktari Valli alipeleke afisini siku ile ile, awaambie jamaa za marehemu wameendelea. Wakati huo hawatakuwa na wa kumngojea.

Wala usiende mikono mitupu. Nawe utoe ahadi. Unapika kila siku na kupitisha kwa kificho, mamake Munir anapika kwa kificho, na sijui wangapi zaidi. Hivyo vyungu viunganishwe. Mwambie mjane kuwa mchele na mafuta ya vitanda vile visiwe tena mzigo wake, wanawake wenye watu mle watapika kwa zamu, chungu kimoja kikubwa, pamoja na cha Kioko na cha yeyote asiye na mke wa kumpikia. Ketty atakufundisha namna ya kuingia nacho kwa mlango wa mbele. Mwombe, usione haya. Ameshaizoea njia.

Mtaa utakucheka, hilo sikudanganyi. Watakucheka kwa muda, kisha mmoja wao atakuja kwako jioni, ameshusha uso, akuulize kwa sauti ya chini, "Eti huyo daktari hupatikana saa ngapi?" Ukimwona huyo, mkaribishe ndani, umpe chai na usimwulize ni kwa ajili ya nani. Ndipo utakapojua ulilolifanya.

Limebaki moja, nalo ndilo zito. Bi Kulsumbai atakuuliza umekuja kwa ajili ya nani. Najua tulivyolelewa. Mwanamke wa Mombasa hamtaji mumewe kwa jina. Husema babake fulani, husema mwenye nyumba, husema yeye. Ni desturi ya heshima, nami nyumbani kwangu naifuata. Lakini siku hiyo ivue mlangoni pamoja na viatu. Ishak amesema hapana mtu wa mji huu mle ndani, na "yeye" si mtu, "babake fulani" anaweza kuwa yeyote, hata anaweza kuwa yuko Unguja. Mjane anahitaji kumpelekea mpwa wake mtu mmoja, mwenye jina, na jina la baba yake, na mtaa alikozaliwa.

Jina hilo uliniandikia, nikalisoma, na sikulichapa, kwa sababu gazetini si mahali pake. Mahali pake ni mle chumbani, mbele ya bibi yule, kwa kinywa chako. Litaje.